Wavu Tumboni mwa Asukile

Asukile alikuwa fundi wa kufunga lumbesa pale sokoni Uyole, na kama hujui lumbesa ni nini, basi hujawahi kununua viazi Mbeya. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake linapandishwa rundo jingine la viazi, na rundo hilo linazungushiwa wavu na kamba mpaka gunia linaota kichwa. Serikali inaipiga marufuku kila msimu. Mkulima anailaani kwa sababu anapunjwa, mchukuzi anailaani kwa sababu ya mgongo wake, na wote wawili walikuwa wakirudi kwa Asukile kumwomba afunge vizuri isije ikafumuka njiani.

Shazia, ile sindano nene ya magunia, haikumtoka mkononi ila akila au akiwa kanisani. Na mkono huo ulikuwa na tabia moja ambayo mafundi wote wa kazi hiyo wanayo. Akimaliza kushona haondoki. Anaivuta kamba, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, kisha analikamata gunia masikio, analiinua kwa goti na kulibwaga chini. Mshono ukifumuka hapo sokoni, watu wanacheka na mambo yanaisha. Ukifumuka lori likiwa linateremka mlima wa Kitonga, tajiri atakutukana kwenye simu mpaka jua lizame. Kwa hiyo Asukile alivuta kila kitu. Alivuta kamba za watu wengine, alivuta vifungo vya mashati yake, alivuta hata mlango wa nyumba yake baada ya mkewe kuufunga.

Mtu huyo ndiye aliyeota lumbesa yake mwenyewe, hapo hapo kitovuni. Ilianza kama kiazi cha mbegu. Akaisukuma kwa kidole, ikaingia. Akapiga mkanda mpana juu yake, akaendelea kubeba. Wanaume wa sokoni wana ujinga wao kuhusu ngiri: wanadhani ukiitaja umejitangazia uzee, basi kila mmoja anaficha yake na kuicheka ya mwenzake. Yake ilifichuka siku ilipokataa kurudi ndani, akalala chini kati ya magunia akitweta, jasho likimtoka kama amenyeshewa. Ilirudi baadaye, lakini mkewe Bertha alikuwa ameshaitwa, ameshaona.

"Baba Bupe, utapasuliwa," Bertha alisema. "Na si hapa. Ukipasuliwa Mbeya asubuhi, jioni uko sokoni na shazia yako. Utaenda Iringa, na ukitoka hospitali utakaa Kalenga kwa dada mpaka upone."

Dada mwenyewe ni Severina, mjane, mkubwa wa Bertha, msukaji wa vikapu vya milulu, yale majani marefu membamba. Asukile alimpenda shemeji huyo kwa sababu alikuwa akimtania bila kumhurumia. Alikubali.

Akapasuliwa katika hospitali ya misheni mjini Iringa, na mambo yakaenda vizuri. Yangekwenda vizuri mpaka mwisho kama asingeuliza swali. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda aliitwa Tekla, mama mpole, na mpole ukimuuliza anajibu.

"Sista, humu ndani mmeweka nini?"

"Wavu, baba. Tundu lilikuwa kubwa, nyama zisingeshikana zenyewe."

"Wavu wa nini?"

"Wa plastiki. Unavijua viroba vya mchele, vile vya kufumwa? Plastiki yake ni ukoo mmoja na ile. Ila huu umetengenezwa kwa ajili ya mwili, na ni safi kabisa."

Asukile alitaka kucheka. Maisha yake yote ameyamaliza kwenye viroba, na sasa kiroba kimemhamia tumboni. Akauliza kama mwili unakubali kitu cha namna hiyo.

"Haukubali hivihivi," Tekla alisema, huku akibandika plasta. "Damu yako ina chembe ambazo ni kama askari. Kazi yao ni kula chochote kigeni. Zitaufuata huo wavu, zitajaribu kuumeza, zitashindwa kwa kuwa ni mkubwa mno. Basi zinaungana, askari wengi wanakuwa jitu moja, linaukumbatia uzi na kuumwagia maji makali. Tuseme kama jiki la kung'arishia nguo. Linautafuna polepole."

Tekla aliendelea kusema. Alieleza kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwamba ndivyo mwili unavyoanza kuushika wavu, kwamba asiwe na wasiwasi. Alieleza vizuri, lakini alikuwa akiongea na ukuta. Asukile alikuwa amebaki kwenye neno kutafuna.

Kwa sababu yeye anakijua kiroba. Amewahi kukisahau kimoja juu ya uzio wakati wa kiangazi. Kilikaa juani kikionekana kizima, rangi yake ile ile, maandishi yake yale yale. Siku alipokwenda kukichukua na kukivuta, kilimfia mkononi. Kilivunjikavunjika kama majani makavu na vumbi lake likamwingia puani. Hicho ndicho alichokiona tumboni mwake, na alikiona mchana kweupe akiwa macho, kitandani, mbele ya muuguzi aliyekuwa anatabasamu.

Kalenga ni kijiji kilichotulia, na utulivu ni mbaya kwa mtu mwenye hofu. Severina alimpa chumba cha mbele. Bertha alirudi Uyole kuangalia nyumba na watoto, akawa anapiga simu kila jioni. Kutwa Asukile alikaa barazani na mkono wake juu ya kitovu. Alikohoa kidogo ili aone kama kuna kitu kinachosukuma. Alibonyeza upande huu, akabonyeza upande ule. Alikuwa anavuta kamba, kama mnavyoona, ila safari hii hakuwa na goti la kuinulia.

Severina alikaa kwenye mkeka mbele yake akisuka. Alikuwa na kikapu kikubwa cha agizo, cha mistari ya zambarau, kimefika karibu na ukingo. Vidole vyake vilikuwa na vifundo. Ana ugonjwa wa viungo tangu zamani, na wakati fulani alikuwa hawezi hata kushika kikombe, mpaka hospitali ilipomwanzishia vidonge anavyovimeza kila asubuhi baada ya uji.

"Hivyo vinakusaidiaje, shemeji?" Asukile alimuuliza asubuhi moja.

"Daktari aliniambia askari wangu wamechanganyikiwa. Wanapigana na viungo vyangu wenyewe. Vidonge hivi vinawalaza."

Alisema hivyo huku akitafuta mlulu mwembamba wa kuunga. Hakuona uso wa mgeni wake. Angeuona, angekificha kichupa cha vidonge siku hiyo hiyo.

Asukile aliivumilia fikra hiyo mpaka mchana, kisha ikamshinda. Alimweleza Severina kila kitu: wavu, askari, jiki, kiroba kilichomfia mkononi. Alisema kama askari wake wanaweza kulazwa kwa muda tu, wavu utapata nafasi. Alisema ana watoto na hana kazi nyingine anayoijua. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Dawa haiazimwi, shemeji," Severina alisema.

"Kwani panado hatuazimani?"

Hapo alimpata. Nyumba gani haiazimani dawa? Mtoto wa jirani akiwa na homa, si unampa kilichobaki kabatini? Kumnyima mgonjwa uliyemkaribisha nyumbani kwako, tena mume wa mdogo wako, ni jambo ambalo Severina hakulelewa kulifanya. Akafungua kichupa na kumgawia, na yeye mwenyewe akaanza kumeza nusu ya vile alivyozoea.

"Ila unisikilize," alimwambia. "Hospitali wasijue. Pale kliniki walishatuonya, dawa hizi hazigawiwi. Wakinifuta, mikono hii imekwisha. Uniapie."

Asukile aliapa kwa jina la mama yake, na hakuna kiapo kikubwa zaidi ya hicho kwa Mnyakyusa aliyemzika mama yake akiwa bado mtoto.

Siku za kwanza alijisikia vizuri ajabu. Alikula kwa hamu na maumivu yakapungua, akawa anamtania Severina kwamba askari wote wako bwenini wanakoroma. Kisha asubuhi moja aliona plasta imelowa. Maji yalikuwa ya manjano, mepesi, na yalinuka kidogo. Mshono ulikuwa umeachama upande mmoja kama mdomo wa gunia lililoshonwa na mwanafunzi.

Mtu mwingine angekwenda hospitali. Asukile alikiangalia kile kioevu akasema ndani yake: hiki ni kiroba. Kinayeyuka, kinatoka. Askari wameamka. Na akiamini hivyo, alimwendea Severina kuomba zaidi.

Wala usimcheke. Alikuwa anaogopa kama mtu anayesikia panya darini kwake usiku na hawezi kupanda. Akienda hospitali watamfungua, na wakimfungua watautoa wavu, na wavu ukitoka tundu litabaki wazi na yeye atakuwa mtu wa kukaa barazani maisha yake yote. Bertha alipopiga simu kuuliza kidonda, alimjibu kinakauka. Alijibu haraka mno, na Bertha akabadilisha mazungumzo.

Severina alimpa. Alimpa mpaka kichupa kikawa chepesi na siku ya kliniki ikiwa bado mbali. Na sasa Asukile alianza kuona kitu ambacho hakutaka kukiona. Kikapu hakikwenda mbele. Severina alikishika asubuhi, akaunga mlulu, ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Jioni kilikuwa pale pale kilipokuwa jana. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa. Alipika uji akiwa amekaa chini, na alipoinuka alishika ukuta kwanza.

"Shemeji, unaumwa?"

"Uchovu tu. Baridi ya Iringa hii."

Wote wawili walijua si baridi. Alikuwa anaumwa kwa ajili yake, na yeye aliendelea kuvipokea vidonge. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kidonda alipolifikiria baadaye, kwamba aliona, akaendelea kupokea.

Mwisho Severina mwenyewe ndiye aliyeamua. Harufu ya kidonda ilikuwa imeshaanza kujaza chumba. Alimwambia kwa ukali ambao Asukile hakuwahi kuusikia kwake kwamba hatamzikia mdogo wake mume, akaita bajaji, akampakia na kwenda naye mjini. Asukile alibeba vidonge vilivyobaki, amevifunga kwenye kipande cha karatasi, ndani ya soksi.

Daktari aliyempokea alikuwa yule yule aliyempasua, Dokta Goodness, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alifunua kidonda, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko Asukile alivyopenda.

"Mzee, una kisukari?"

"Hapana."

"Unatumia dawa yoyote tofauti na tulizokupa? Za kienyeji? Za dukani?"

Severina alikuwa amesimama mlangoni. Asukile alitazama dari.

"Hapana, dokta."

"Ajabu," daktari alisema. "Kidonda hiki kinafanya kama mwili haujui kwamba umekatwa."

Wakamlaza, wakamchoma dawa za kuua vijidudu, na daktari akasema kesho atamfungua aone. Asukile aliuliza kama wavu utatoka. Daktari alijibu kwamba inawezekana, na kwamba uchafu ukishaingia kwenye wavu ambao mwili haujaushika, mara nyingi hakuna njia nyingine.

Kesho yake asubuhi Severina alimletea uji kwenye chupa ya chai. Alitoka Kalenga akiwa amejitanda khanga mbili, na bado alikuwa anatetemeka. Alimimina uji, nusu ukaenda sakafuni. Akaomba radhi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema kichwa chake ni chepesi na ametapika tangu alfajiri, akacheka kidogo, na kabla hajamaliza kucheka akateleza chini pole pole, kama gunia linalokaa vibaya.

Tekla alifika akikimbia. Akampima presha, akapima tena, akaita. Dokta Goodness akaja. Wakambeba wakamweka kwenye kitanda kilichokuwa wazi kando ya Asukile, na mikono yote ikawa juu yake.

"Presha iko chini sana. Mpimeni sukari. Mpimeni malaria. Huyu namfahamu, si mgonjwa wetu wa viungo?"

"Ndiye," Tekla alisema. "Anameza vidonge vya prednisoloni, mwaka wa ngapi sijui huu."

"Anazimeza kweli?"

"Huyu hakosi hata siku moja, dokta. Ni wa kutolewa mfano."

"Basi si hiyo. Leteni dripu, tuangalie kama ana uambukizo mahali."

Asukile alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Kati yake na Severina palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja. Uso wa shemeji yake ulikuwa wa rangi ya majivu na midomo imekauka. Daktari alimpiga kofi dogo shavuni, akamwita jina. Severina alifumbua macho. Hakumtazama daktari. Alimtazama Asukile, akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja.

Alikuwa anakumbusha kiapo.

Asukile alimwona mama yake, ambaye sura yake ameshaisahau na anachokumbuka ni mikono tu. Aliona kliniki inamfungia Severina mlango, vidole vinajikunja vyote, vikapu vimekwisha, na Bertha akimuuliza kwa nini ulisema. Halafu akamwona Bertha yule yule akiuliza kwa nini hukusema. Tekla alikuwa anatafuta mshipa mkononi mwa Severina na haupati. Alijaribu mkono wa pili.

"Dokta," Asukile alisema. Akajiinua zaidi. "Dokta. Dawa zake ninazo mimi."

Hakuna aliyemsikia vizuri, au walisikia wakadhani homa imempanda. Basi akavua soksi, akaitingisha juu ya shuka, na ile karatasi ikaanguka ikafunguka.

Dokta Goodness aliviangalia vile vidonge vyeupe kwa muda wa pumzi moja. Alimgeukia Tekla akataja jina la sindano, na Tekla, mama wa makamo, aliondoka mbio.

Kitu ambacho Asukile hakukijua, na hata Severina hakukijua sawasawa, ni kwamba mtu aliyemeza dawa hizo kwa miaka mwili wake umeshaacha kutengeneza za kwake. Ukimnyang'anya ghafla hana akiba. Presha inaanguka, nguvu zinaondoka, na anaweza kufa huku watu wakimpima malaria. Sindano ile iliingia, dripu ikaingia kwa kasi, na Asukile akakaa akiangalia kifua cha shemeji yake kinavyopanda na kushuka, bila kuthubutu kuangalia pembeni. Jua lilikuwa limeshafika dirisha la pili Severina alipoomba maji.

Akapewa. Akanywa. Kisha akageuza uso ukutani, upande usio wa Asukile.

Mchana huo huo wakampeleka Asukile chumba cha upasuaji. Walimchoma sindano ya mgongo, chini akawa hana habari na juu akawa macho. Waliweka kitambaa mbele ya kifua chake asione. Alikuwa ameshamweleza daktari kila kitu, kutoka kiroba cha kwenye uzio mpaka soksi, na daktari alikuwa amesikiliza bila kumkaripia, jambo lililomtisha zaidi.

"Basi ulitaka kuwalaza," Dokta Goodness alisema nyuma ya kitambaa. Vyuma viligongana. "Na umefanikiwa. Walilala, vijidudu vikaingia kama ng'ombe kwenye shamba lisilo na mtu. Wangekuwa macho wangevila."

Asukile aliangalia pindo la kile kitambaa.

"Sasa nauvuta wavu. Hapa kwenye mshono unakuja wenyewe. Haujashika kitu, umelala tu kwenye usaha. Nakata."

Alisikia mkasi. Kila ulipolia, alihesabu tundu likipanuka. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa kwenye ubao. Akajua sasa anarudi Uyole akiwa nusu mtu, tena nusu iliyomwumiza Severina bure.

Kisha mkasi ukanyamaza.

"Hapa unakataa," daktari alisema. "Ngoja."

Asukile hakusikia maumivu. Alisikia mwili wake mzima ukiburutwa juu ya meza, mabega, kichwa na yote, kama mtu aliyekamatwa mkanda. Ikaachia. Ikaburuta tena, kwa nguvu zaidi. Alilijua jambo hilo. Amelifanya kwa mikono yake maisha yake yote.

"Unasikia?"

"Nasikia navutwa."

"Nauvuta kwa nguvu zangu zote na hautoki. Nyama imepita kwenye kila tundu. Unajua ni nani aliyefanya hivi?"

"Sijui, dokta."

"Askari wako. Hawa walifika mapema, kabla hujaanza kumeza vidonge vya watu. Ni kweli wanautafuna. Sista hakukudanganya. Wanaungana, wanaumwagia jiki lao, na baada ya miaka mingi ukiuangalia uzi kwa hadubini utakuta nyufa. Lakini askari anapong'ata na kushindwa haondoki, anaita mafundi. Mafundi wanakuja wanashona nyama kuzunguka pale alipong'ata. Asipong'ata, hakuna wa kuitwa."

Asukile alilitafakari hilo huku akiangalia taa. Katika magunia yote aliyoyafunga hakuwahi kuona kitu kinachotafuna na kushona kwa wakati mmoja.

"Na wakiumaliza wote?"

"Sidhani. Ila sitakuahidi. Ikitokea, utarudi hapa, na utanieleza ukweli siku ya kwanza." Vyuma vikagongana. "Nimeacha sehemu iliyoshika. Isiyoshika nimeitoa, pale tutapasafisha, na kidonda kitaachwa wazi kijazwe kutoka chini. Kitachukua muda mrefu. Hutabonyeza, hutakohoa kwa makusudi, hutajijaribu. Umenielewa?"

Bertha alifika na basi la kutoka Mbeya, akaenda kwanza kwa dada yake. Alipokuja kwa mumewe alisimama miguuni mwa kitanda na mkoba bado begani.

"Ungemuua dada yangu kwa ajili ya kitovu," alisema.

Asukile alisema ndiyo. Bertha alikaa, akatoa kitambaa, akaanza kumfuta uso.

Kliniki haikumfuta Severina. Dokta Goodness alisema hakuna mtu anayefutwa kwa jambo hilo. Wanakemewa, na kweli alimkemea, mpaka Tekla akamwonea huruma. Vidonge alirudishiwa. Presha ilitulia. Lakini ugonjwa wa viungo ulikuwa umepata nafasi yake wakati askari wake walipoachwa huru, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilijikunja na havikunyooka tena. Akiweza kushika mwiko, alishukuru. Mlulu mwembamba ulimshinda.

Kidonda cha Asukile kilichukua muda, kama alivyoambiwa, na sehemu kubwa ya muda huo alikaa Kalenga, kwa kuwa Bertha alikataa kabisa auguzwe mahali ambapo pana magunia. Kile kikapu cha zambarau kilikuwa kimetundikwa ukutani, ukingo wake haujafungwa, milulu imesimama wima kama nywele za mtu aliyeamshwa. Aliyeagiza alishachukua cha msukaji mwingine.

Waliongea kidogo, Severina na yeye. Severina alimsalimia asubuhi, akamtengea uji, akageuza uso. Utani haukuwepo. Asukile aliona afadhali angetukanwa.

Siku moja alikishusha kikapu, akakaa nacho kwenye mkeka.

"Shemeji, nielekeze. Nikimalizie."

"Wewe unajua kushona. Kusuka ni jambo jingine."

"Nielekeze hivyo hivyo."

Severina alikaa kando yake, mikono imelala mapajani. Alimwonyesha kwa kidevu: pitisha chini, zungusha, urudishe kati ya ile miwili. Asukile alipitisha. Vidole vyake vya magunia vilikuwa vinene, na mstari aliouanzisha ulikwenda kombo. Alifungua, akarudia. Alipopata kifundo cha kwanza kilichokaa mahali pake, mkono wake, bila kumuuliza, ukaushika mlulu ukauvuta kuona kama umeshika. Ukakatika.

Alikaa akiangalia kile kipande mkononi.

"Unavuta kila kitu," Severina alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kumtazama usoni. "Weka mwingine. Ulowanishe kwanza. Ukishaupitisha usiuvute, shemeji. Uache ushike wenyewe."

Asukile alilowanisha mlulu mwingine, akaupitisha, akauzungusha. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuelekea kwenye kifundo. Aliuona unavyokwenda, akaurudisha, akauweka chini kwenye mkeka karibu na ule mkono wa Severina uliojikunja, akasubiri aambiwe kinachofuata.